Redio gani ukiishi kati ya milima ya Ngozi na Rungwe? Vipokezi vinne nilivyovijaribu

Mwezi wa saba baba mdogo alinipigia simu kutoka Isongole. Tulipomalizana na shikamoo, habari za watoto na bei ya viazi, akafika kwenye lake: redio imekufa, fundi ameifungua na kuifunga bila mafanikio, na wiki nzima hajasikia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. "Wewe si ndiye mtu wa mitambo, mwanangu? Nitafutie redio inayoshika." Hakutaja kampuni wala idadi ya bendi. Alitaka inayoshika, basi.

Swali hilo naulizwa na wengi, na mimi huanza kwa kuuliza: unalala upande gani wa mlima? Maana huku kwetu redio inayoimba vizuri Mwanjelwa, Mbeya mjini, inaweza kuwa bubu ukishavuka milima ya Uporoto, na simu inayocheza redio ya intaneti bila kukwama pale Kabwe ikabaki kuwa tochi bondeni. Kwa hiyo sikutaka kumnunulia kwa kubahatisha. Nilitia kwenye begi vipokezi vyangu vinne, daftari na mita ya kupimia umeme, nikaenda navyo kwake, nikapanda navyo uwanda wa Kitulo, kisha nikavirudisha chumbani kwangu Uyole na kuvijaribu tena.

Vyenyewe ni hivi. Kuna redio ya sokoni ya sindano, inayotumia betri kubwa mbili, yenye FM, masafa ya kati na masafa mafupi. Niliinunua Mwanjelwa kwa shilingi 28,000. Kuna Tecsun PL-330, redio ya kidijitali isiyozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, ambayo hadi kunifikia ilikuwa imekula hela ya redio za sokoni kama nane. Kuna simu yangu ya kawaida, yenye FM ndani na bando la intaneti. Na kuna kifaa cha RTL-SDR, kinachofanana na flashi, ambacho peke yake hakitoi sauti yoyote: lazima kichomekwe kwenye kompyuta au simu, na programu ndiyo inayogeuka kuwa redio.

Mlima huchagua kabla yako

FM inatumia masafa kati ya megahezi 87.5 na 108. Wimbi lake lina urefu wa mita tatu hivi, na wimbi la namna hiyo halipindi sana. Linakwenda kama mwanga wa tochi. Kilima kikisimama njiani, nyuma yake kuna kivuli. Ukitaka makisio ya haraka, chukua urefu wa mnara kwa mita juu ya nchi inayouzunguka, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.12. Unapata kilomita ambazo wimbi linafika kabla dunia haijalificha kwa mviringo wake. Mnara wa mita 100 uliosimama uwandani unafika kilomita 41. Mlima Loleza una mita 2,656 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Mbeya uko chini yake kwenye mita 1,700 hivi. Antena iliyo kwenye kimo kama hicho cha Loleza inaona zaidi ya kilomita 120 kwa upande ulio wazi. Ndiyo maana mtu wa Usangu anaweza kusikiliza stesheni za Mbeya kwa redio ya bei ya chini, na mtu wa Isongole aliye karibu zaidi akaishia kusikia mvumo.

Nyumba ya baba mdogo iko pabaya kwa FM. Magharibi kuna Ngozi, mashariki kuna Rungwe, na kati yake na mji imelala Uporoto. Nilipowasha redio ya sokoni mezani sebuleni, stesheni iliyosikika bila kukwaruza ilikuwa moja. Nikaibeba mkononi nikatoka nayo nje taratibu. Mlangoni, mbili. Kwenye kona ya ghala la viazi, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, zikawa nne, na moja ikapotea niliposogea mbele kiasi cha mkono mmoja. Hapo mawimbi yanakuja yakiwa yamegonga mlima huu na ule, yanakutana, mahali pengine yanasaidiana na mahali pengine yanafutana. Kwa urefu wa mita tatu, kusogea chini ya mita moja kunatosha kukutoa kwenye shimo. Kabla hujaitupa redio yako ukasema haishiki, tembea nayo.

Masafa mafupi yana tabia nyingine kabisa. Hayo yanapanda hadi kwenye tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, kilomita mia kadhaa kutoka hapa tulipo, yanarudishwa chini, na yanakuangukia kutoka juu. Uporoto haiyazuii. Masafa ya kati mchana yanatambaa na ardhi na kuchoka njiani, lakini jua likizama, lile tabaka la chini linaloyameza mchana linatoweka, nayo yanaanza kusafiri kwa mbali. Kwa hiyo mtu wa bondeni akiniambia ananunua redio ya FM peke yake kwa sababu ni ya bei nafuu, namwomba asubiri kidogo.

Kitulo ni kinyume cha Isongole. Tulichepuka Isyonje, tukapanda kupitia Kikondo hadi uwanda wenyewe, mita 2,600 hivi. Pale juu redio zote zinajiona bingwa. Redio ya sokoni ilijaa stesheni kutoka mwanzo wa sindano hadi mwisho wake, nyingine zikizungumza Kichewa, na tatizo likageuka: zilikuwa zinapandiana. Hapo ndipo Tecsun ilipojitenga na mwenzake, maana inaweza kutenganisha stesheni mbili zilizokaribiana ambazo sindano inazisikia kama uji mmoja.

Ya sokoni na Tecsun, kwenye meza ya baba mdogo

Huu ndio ulinganisho ambao watu wengi wanauhitaji, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kwa masikio matupu, kwenye stesheni yenye nguvu, redio ya sokoni ni tamu zaidi. Spika yake ni kubwa, sanduku lake lina nafasi, na sauti ya mtangazaji inajaza jiko mama mdogo akiwa anapika. Tecsun ina spika ndogo. Inasikika safi, lakini ni sauti ya kukaa nayo karibu. Kwa mtu anayetaka redio iongee huku yeye anapanga viazi kwenye magunia, hilo ni jambo kubwa.

Kwenye masafa mafupi mambo yanageuka. Redio nyingi za sindano za bei ya chini zina ugonjwa ambao mnunuzi haambiwi. Ndani yake kila wimbi linageuzwa kuwa kilohezi 455 kabla ya kusikika, na kwa sababu ya hesabu hiyo stesheni moja yenye nguvu inaonekana mahali pawili kwenye sindano, tofauti yake ikiwa kilohezi 910. Chukua ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, ambayo kwa miaka mingi wasikilizaji wa mbali wameifahamu kwa kilohezi 11735 kutoka mitambo ya Dole: kwenye redio ya namna hiyo unaweza kuikuta tena karibu na 10825, mahali ambapo kwa kweli haipo. Nilimwonyesha baba mdogo kwa mhubiri mmoja aliyekuwa hewani jioni ile. Tukampata, tukasogeza sindano, tukampata tena katika sentensi ileile. "Kumbe ni mtu mmoja," akasema. Ndiyo. Na muuzaji akijisifu kwamba redio yake inashika stesheni nyingi za masafa mafupi, baadhi ya hizo nyingi ni kivuli cha zilezile. Tecsun haikuonyesha kivuli hicho hata mara moja katika siku zangu zote.

Tecsun pia inaandika namba. Ukiambiwa idhaa fulani iko kilohezi elfu tisa na mia kadhaa, unapiga namba, unafika. Kwenye sindano unafika kwa kukisia, kwa subira na kwa kidole chepesi. Wapo wanaolipenda hilo, na mimi nimo, lakini si la kumwekea mzee macho yakiwa yamechoka. Jambo moja la kuangalia ukinunua redio yoyote ya kidijitali: masafa ya kati huku kwetu yamepangwa kwa hatua za kilohezi 9, na Marekani kwa hatua za 10. Redio ikija imewekwa kwa mpangilio wa Marekani itaruka juu ya stesheni zako na utadhani imeharibika. Kwenye PL-330 hilo linabadilishwa kwa kubonyeza tu.

Sasa betri. Redio ya sokoni nilipoipima, kwa sauti ya wastani ilikuwa inakula miliampia 40 hivi. Betri kubwa mbili kwa matumizi hayo ni suala la wiki nyingi, na zinapatikana kwenye kila duka lenye sabuni na kiberiti. Zaidi ya hapo, zinakufa kwa adabu. Sauti inapungua siku kwa siku, unazianika juani asubuhi, zinakupa jioni mbili tatu zaidi kwa sababu joto linaamsha kemikali iliyolala ndani, na kufikia gulio umeshajua kwamba unatakiwa kununua nyingine. Redio ya kidijitali haina adabu hiyo. Inaongea kwa nguvu zote hadi dakika ya mwisho, kisha inazima katikati ya taarifa ya habari.

Hata hivyo Tecsun hii ina siri moja nzuri sana kwetu: inatumia betri ya BL-5C, ileile ya simu za zamani za Nokia. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na simu ya tochi anaijua kwa kuishika tu. Sokoni zimejaa, na pale kijijini nilizikuta nyumba tatu zenye betri hiyo kwenye droo. Tahadhari ni namba iliyoandikwa juu yake. Betri halisi ya ukubwa ule ni ya miliampia-saa 1,000 na kidogo. Niliwahi kununua mjini moja iliyoandikwa 3,800. Nilipoipima ilitoa chini ya 700. Plastiki ile haina nafasi ya kuweka 3,800, kwa hiyo ukiona namba kubwa, ujue hata ile ndogo huenda haimo.

Baridi nayo inahesabika. Alfajiri ile Kitulo nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na redio ya sokoni iliyolala ndani ya gari ilianza siku kwa sauti ya mgonjwa. Nilipozitia betri ndani ya koti kwa nusu saa, ilirudi. Betri ya lithiamu inavumilia kusikilizwa kwenye ubaridi, ila usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, maana ndivyo inavyoharibika ndani kimyakimya. Wa Makete na Njombe wanaoamka na barafu mwezi wa sita na wa saba, chajini mchana.

Simu inatosha?

Kwa kijana wa mjini, mara nyingi inatosha. Simu nyingi za bei ya kawaida zina FM yenyewe, isiyokula bando hata senti moja. Watu wengi hawaitumii kwa sababu inawaambia wachomeke spika za masikioni. Inasema kweli: waya wa spika hizo ndio antena, na zile zisizo na waya hazisaidii chochote. Ukishachomeka waya unaweza kubonyeza sauti itokee kwenye spika ya simu na kuuachia waya uning'inie. Nyoosha waya wenyewe. Ukiukunja mfukoni umekunja antena. Kwa baba mdogo FM ya simu ilishika stesheni ile moja tu, na ilipokaa juu ya dirisha, mbili.

Redio ya intaneti ni hesabu nyingine. Stesheni inayorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula megabaiti 28.8 kwa saa. Saa mbili kila siku kwa mwezi ni karibu gigabaiti 1.7. Ikirushwa kwa 128, zidisha mara mbili. Kwa mwenye bando la ofisini si kitu, kwa mkulima ni betri kubwa za miezi mingi. Pia inachelewa, nusu dakika hivi na wakati mwingine zaidi. Ukisikiliza mpira kwa intaneti huku jirani ana redio ya sindano, utasikia goli kwa kelele za jirani kabla ya mtangazaji wako hajafika hata kwenye kona.

Lakini sitaki kuidharau. Programu ya Radio Garden, iliyoanza 2016, inakupa dunia ya kuzungusha kwa kidole, na kila nukta ni stesheni ya mahali fulani. Nimekaa usiku mzima Uyole nikisikiliza wavuvi wa nchi ambayo sitaifika wakitangaziwa hali ya bahari. Kwa uhondo huo naitetea. Kwa taarifa ya saa mbili, siku ambayo umeme umekatika na mnara wa simu umeishiwa chaji, siitegemei.

Kifaa cha RTL-SDR, ambacho sikumwachia

Nakipenda kuliko vyote, na ndicho ambacho singemshauri baba mdogo. Ndani yake kuna chipu ya Realtek, RTL2832U, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupokelea televisheni kwenye kompyuta. Mwaka 2012 ndipo habari ilipoenea miongoni mwa wapenda programu huria kwamba chipu hiyo inaweza kutoa mawimbi ghafi bila kuyachakata, na jina la Mfini Antti Palosaari linatajwa miongoni mwa waliogundua hilo. Kuanzia hapo kifaa cha bei ndogo cha kutazamia TV kikawa macho ya kutazamia anga. Toleo langu, V4, linaanzia kilohezi 500 hadi megahezi 1,766.

Tofauti yake na vingine ni kwamba kinakuonyesha. Kwenye programu ya SDR++ unaona kipande cha anga cha megahezi 2.4 kwa mkupuo: kila stesheni ni mstari unaong'aa, unashuka polepole kama maji ya ukutani. Siku moja niliona mistari minene iliyokuwa inayumba upande hadi upande, na masafa mafupi yote yakawa mvumo. Nilizima taa moja baada ya nyingine. Mistari ikabaki. Nilipochomoa chaja ya simu, ile ya elfu tatu iliyokuwa inaning'inia ukutani bila simu, skrini nzima ikawa nyeusi na safi. Chaja hiyo ilikuwa inaniharibia redio kwa miezi, nami nililaumu milima.

Ukiwa mwanafunzi wa umeme au mawasiliano pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, nunua hiki kabla ya kununua redio yoyote. Kwenye megahezi 1,090 utaona ndege zikijitambulisha zenyewe. Kwenye megahezi 137 utapokea picha za mawingu kutoka satelaiti za Urusi za Meteor zikipita juu yetu. Maelekezo mengi mtandaoni bado yanataja satelaiti za NOAA za masafa hayo, ila hizo zilistaafishwa 2025, usizisubiri. Kinakula miliampia 270 hivi za USB, na kompyuta nayo ina njaa yake. Nyumba yenye sola ya taa tatu hailibebi zigo hilo jioni nzima.

Ikiwa siku moja utataka kurusha mawimbi na si kupokea tu, hapo ni leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza, na alama ya wito ya wapenda redio wa Tanzania huanza na 5H.

Kelele za nyumbani

Jioni niliporudi Uyole nilipanga zote mezani, nikaanza kuandika. Masafa ya kati hayakusikika kabisa, masafa mafupi kidogo. Saa moja na dakika arobaini umeme ukakatika mtaa mzima. Nilikuwa nimeacha Tecsun imewashwa kwenye mvumo mtupu, na ndani ya giza lile mvumo ukanyamaza kana kwamba mtu amefunga mlango, akabaki mwanamume anasoma habari kwa utulivu, yuko wazi kabisa. Alikuwepo muda wote. Taa za LED za bei nafuu, chaja, televisheni na vigeuzi vya umeme vya majirani ndivyo vilivyokuwa vinamfunika.

Kwa hiyo mtu wa mjini anayelalamika kwamba masafa mafupi yamekufa, ajaribu kwanza siku ya kukatika umeme. Na mwenye sola asiweke redio juu ya ile kontrola ya chaji. Nimezisikia zikipiga mluzi hadi mita nne. Hapa kijiji kinaishinda Mbeya mjini kwa mbali. Kwa baba mdogo, kwenye kijibonde kile ambacho FM inakufa, masafa mafupi yalikuwa meusi na matulivu kuliko nilivyowahi kuyasikia Uyole.

Alichochagua

Nilimwachia Tecsun kwa siku mbili na ya sokoni kwa siku mbili. Siku ya tatu alinirudishia Tecsun mwenyewe, ameifunga kwenye kitambaa. Vibonye ni vidogo kuliko vidole vyake, na ilimzimikia katikati ya habari. Ya sokoni akaitaka. Lakini ilikuwa bado na stesheni moja sebuleni.

Basi tukatengeneza antena, na hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nalinganisha kitu kisicho sahihi. Nilichukua waya wa umeme wa kawaida, nikakata vipande viwili vya sentimita 74 kila kimoja. Hiyo ni robo ya wimbi la megahezi 97 hivi, imepunguzwa kidogo kwa sababu wimbi kwenye waya linaenda polepole kuliko hewani. Nikavifunga kwa kunyooshana juu ya mti mwembamba, kimoja kikaungwa kwenye moyo wa waya wa antena ya TV na kingine kwenye wavu wake. Baba mdogo akakata mwanzi nyuma ya nyumba, mrefu wa mita sita. Tukausimamisha kwenye kona ileile ya ghala la viazi ambako stesheni nne zilikuwa zimepatikana, tukaushusha waya hadi dirishani. Moyo wa waya unabanwa kwa kibanio kwenye antena ya redio, wavu unagusishwa upande hasi wa betri. Tulizungusha mwanzi kidogo kidogo, yeye ndani akisikiliza, mimi nje nikizungusha. "Rudisha... hapo hapo, baba, usiguse." Stesheni sita, sebuleni, juu ya meza.

Waya na vibanio vyote viligharimu chini ya shilingi 12,000. Nilipobana kibanio kilekile kwenye Tecsun ilipata saba. Ile stesheni moja ya nyongeza ndiyo iliyogharimu hela ya redio kama saba zaidi, na kwake haikuwa na thamani.

Ukiwa na sikio la masafa ya mbali na mfuko unaruhusu, nunua ya kidijitali yenye betri unayoipata mtaani. Mimi yangu siiuzi. Ukiwa kwenye nyumba ya bondeni na unataka habari, mpira na sauti ya kujaza jiko, nunua ya sindano yenye masafa yote matatu, na hela iliyobaki ipandishe juu kwa mwanzi.

Baba mdogo ameweka alama mbili za rangi ya kucha kwenye kioo cha redio, moja ya stesheni ya habari na moja ya mpira. Pembeni ya dirisha amepigilia msumari. Nilimwambia kwamba waya ulio juu unaalika radi, na mvua zikianza mwezi wa kumi na moja asiulaze kwenye redio hata usiku mmoja. Kwa hiyo kila wingu linapotanda juu ya Rungwe, kibanio kinatoka kwenye redio na kuning'inia pale kwenye msumari, nje ya dirisha.